Jinsi ya Kupanga Orodha ya Mabondia Bora wa Muda Wote, na Kuitetea Kijiweni

Pale tunapokunywa kahawa jioni, mabishano ya ndondi huanza na jina moja na kuishia kwenye makelele. Mmoja atasema Tyson, mwingine Ali. Wa tatu, ambaye siku zote ana bando, atatoa simu na kusoma kwa sauti: "Mayweather, 50 kwa 0, ameshinda 50 na hajapoteza hata moja. Mjadala umefungwa." Siku moja nikajitia kimbelembele nikamtaja Sugar Ray Robinson. Nikaulizwa alipoteza mapambano mangapi. Nikajibu 19. Kijiwe kizima kikacheka, hadi muuza kahawa mwenyewe, na mimi sikuwa na la kusema. Nilirudi nyumbani, nikatafuta daftari la mwanangu la hesabu lililokuwa na kurasa tupu, nikaanza upya. Haya ndiyo niliyoyapata humo, hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Kubalianeni swali kabla hamjataja jina

Ugomvi mwingi hutokea kwa sababu watu wanajibu maswali tofauti wakidhani ni lilelile. "Bora" inaweza kuwa na maana tatu. Ya kwanza, nani alifanya makubwa zaidi ukijumlisha maisha yake yote ya ulingoni. Ya pili, nani alikuwa moto zaidi akiwa kwenye kilele chake, hata kama kilele chenyewe kilidumu miaka miwili. Ya tatu, nani angempiga nani wangekutana.

Mchukue Mike Tyson. Novemba 1986 alitwaa ubingwa wa uzito wa juu akiwa na miaka 20. Juni 1988 akammaliza Michael Spinks, ambaye hakuwa amewahi kupigwa, kwa sekunde 91. Ukiuliza swali la pili, Tyson anakaa juu na ana haki yake. Ukiuliza la kwanza, anashuka sana: Februari 1990 Buster Douglas alimlaza Tokyo, Tyson akiwa na miaka 23 tu, na Holyfield alipokuja baadaye alimshinda mara mbili. Kwa hiyo anayesema "Tyson" na anayesema "Tyson hata kumi bora hayumo" wote wawili wanaweza kuwa sahihi.

Mimi natumia swali la kwanza, na la pili linaamua pale wawili wanapolingana. La tatu ni tamu kwa kahawa na kashata lakini halina ushahidi, nimeliacha.

Amueni pia kama orodha ni ya uzito mmoja au ya uzito wote. Ikiwa ni ya wote, kila bondia apimwe bila kujali uzito, kana kwamba wote wana mwili mmoja. Hapo ndipo watu wa uzito wa juu wanapopoteza nafasi zao za bure.

Hatua ya 2: Daftari, majina 30, ukurasa mmoja kwa kila mtu

Andika majina 30 kabla ya kumpa yeyote namba. Walau kumi wawe walipigana kabla ya 1950, la sivyo utakuwa umepanga orodha ya mabondia uliowaona kwenye televisheni. Usiowapenda watangulie, maana ndio utakaowasahau.

Kwenye kila ukurasa chora safu: tarehe, mpinzani, umri wa kila mmoja siku ile, uzito, raundi, matokeo. Halafu acha safu pana iliyo tupu, uipe jina "hali". Hiyo ndiyo safu itakayofanya kazi kubwa.

Angalizo kuhusu rekodi za zamani. Mwanzoni mwa karne ya 20, majimbo mengi ya Marekani hayakuruhusu uamuzi wa pointi. Kama hakuna aliyeangushwa akashindwa kuendelea, pambano liliandikwa halina mshindi, na waandishi wa magazeti waliokuwepo ndio waliosema nani alikuwa juu. Ukikuta bondia wa 1915 ana mapambano mengi "bila uamuzi", usidhani alikuwa anacheza tu. Tafuta magazeti yalisemaje.

Hatua ya 3: Soma rekodi mstari kwa mstari

Hapa usiharakishe. Tuanze na zile 19 za Robinson zilizowafanya watu wanicheke.

Robinson alizaliwa Mei 1921. Alishinda mapambano yake 40 ya kwanza ya kulipwa. La kwanza kupoteza ni dhidi ya Jake LaMotta, Detroit, Februari 1943, na LaMotta alikuwa mtu wa uzito wa kati aliyemzidi mwili kabisa. Walikutana mara sita, Robinson akashinda tano. Baada ya siku ile ya Detroit hakupoteza tena mpaka Julai 1951, London, mbele ya Randy Turpin: mapambano 91 mfululizo. Miezi miwili baadaye alirudiana na Turpin na kumsimamisha.

La tatu ni la Juni 1952, Yankee Stadium, alipopanda uzito kumfuata bingwa Joey Maxim. Joto lilikuwa kama nyuzi 40. Mwamuzi Ruby Goldstein alishindwa kuendelea baada ya raundi ya 10, ikabidi aletwe mwingine. Robinson alikuwa anaongoza kwa pointi, lakini kengele ya raundi ya 14 ilipolia hakuweza kuinuka kitini. Hiyo ndiyo mara pekee katika maisha yake yote kushindwa kabla ya raundi kwisha, na mwamuzi alianguka kabla yake.

Baada ya hapo akastaafu, akaenda kucheza densi jukwaani. Mpaka hapo: zaidi ya mapambano 130, amepoteza matatu. Alirudi Januari 1955 akiwa na miaka 33, na mengine 16 yote aliyapoteza baada ya kurudi huko, la mwisho akiwa na miaka 44. Hata katika kipindi hicho cha uzee alitwaa tena ubingwa wa uzito wa kati, na Mei 1957 alimlaza Gene Fullmer kwa ndoano moja ya kushoto huku anarudi nyuma. Sasa rudi kijiweni uulizwe tena alipoteza mangapi.

Fanya vivyo hivyo kwa wale wasiopoteza. Rocky Marciano ana 49 kwa 0, na 43 kati ya hizo ni KO, yaani mpinzani hakumaliza pambano. Jaza safu ya umri. Joe Louis alipopigwa naye Oktoba 1951 alikuwa na miaka 37 na yuko ulingoni kwa sababu ya madeni ya kodi. Jersey Joe Walcott, aliyemnyang'anya mkanda, alikuwa na miaka 38. Archie Moore alikuwa anagonga 40. Ezzard Charles alikuwa amekwishapita kilele chake. Simdharau Marciano, kwa Walcott alikuwa nyuma kwa pointi mpaka raundi ya 13, akaligeuza pambano kwa ngumi moja, na hilo haliigizwi. Lakini sifuri yake imejengwa juu ya wazee, na sifuri kwenye karatasi haikuonyeshi hilo.

Mayweather naye apewe ukurasa wake bila chuki. Diego Corrales, Januari 2001, hakuwa amepigwa na mtu. Mayweather alimwangusha mara tano. Huo ni ushindi wa juu kabisa. José Luis Castillo, Aprili 2002: wengi waliolitazama wanaamini Mayweather alishindwa usiku ule, ila alirudiana naye mwaka huohuo akashinda. Pacquiao, Mei 2015: ushindi safi, umechelewa miaka mitano. La 50 ni Conor McGregor, mtu ambaye kabla ya usiku ule hakuwa amewahi kupigana pambano hata moja la ndondi za kulipwa. Mwenye simu huwa hapendi nikifika mstari huo.

Kwa kila mstari jiulize haya: mpinzani alikuwa kwenye kilele au amechoka? Nani alibanwa apunguze au apande uzito? Lilichezwa nyumbani kwa nani? Je, walirudiana, na nini kilitokea? Zingatia pia kwamba zamani mabondia walipimwa uzito siku ileile ya pambano, na zilikuwa raundi 15. Leo wanapimwa siku moja kabla, wanakula, wanalala, na ni raundi 12.

Kuhusu "bingwa wa madaraja matano", kuwa mwangalifu. Henry Armstrong alishika mikanda mitatu kwa wakati mmoja mwaka 1938: uzito wa unyoya, mwepesi na welta. Yalikuwepo madaraja makuu nane tu, na kwa kawaida bingwa mmoja kwa kila daraja. Leo madaraja yamefika 17 na mashirika makubwa yanayotoa mikanda ni manne: WBA, WBC, IBF na WBO. Piga hesabu mwenyewe.

Hatua ya 4: Tupa mnyororo

"A alimpiga B, B alimpiga C, basi A ni zaidi ya C." Hoja hii inapendwa sana na ilifia Kinshasa.

Joe Frazier alimshinda Ali Machi 1971. Ken Norton alimshinda Ali na kumvunja taya Machi 1973. George Foreman naye alimwangusha Frazier mara sita ndani ya raundi mbili, na Norton alipokutana naye hakuvuka raundi ya pili. Kwa mnyororo, Foreman alikuwa anakwenda kumuua Ali. Oktoba 30, 1974, alfajiri, uwanja ukiimba "Ali, boma ye", yaani "Ali, muue", Ali aliegemea kamba, akafunika kichwa, akamwachia Foreman apige mpaka mikono ikawa mizito, halafu raundi ya nane akamlaza. Foreman alikuwa na miaka 25, mapambano 40 bila kupoteza. Ali alikuwa na 32.

Mitindo haijumlishiki. Frazier, mfupi anayeingia kwa kuinama, alikuwa chakula cha Foreman kwa sababu alikuwa anaileta taya yake mahali ngumi za Foreman zinapopita. Kwa Ali, uingiaji uleule ulikuwa sumu. Kwa hiyo kwenye daftari, ushindi uhesabiwe kwa uzito wa aliyepigwa usiku ule, na usibebeshwe wengine mgongoni.

Hatua ya 5: Tazama, na uzime sauti

Chagua mapambano matatu ya kila bondia: moja la kilele, moja alilopata taabu, moja alilopoteza. Zima sauti kabisa. Mtangazaji hukuuzia mtu mmoja tangu kengele ya kwanza, na watazamaji hushangilia hata ngumi iliyotua kwenye mkono.

Zoezi zuri ni Pernell Whitaker na Julio César Chávez, San Antonio, Septemba 1993. Chávez alikuja na 87 bila kupoteza, uwanja mzima ni wake. Weka karatasi yenye mistari 12. Kila raundi ikiisha, simamisha video, andika 10-9, pointi 10 kwa aliyeshinda na 9 kwa mwenzake, kabla hujajishauri. Tazama miguu ya Whitaker: Chávez akitupa, yule ameshahama nusu hatua, na jebu yake, ngumi ya mkono wa mbele, imeshatua usoni kwa Chávez. Mimi nilimpa Whitaker raundi nane. Majaji wawili waliandika 115-115, wa tatu akampa Whitaker, ikatangazwa sare. Kwenye rekodi utasoma "sare". Kwenye daftari lako, safu ya "hali", andika ulichokiona.

Wapo ambao huwezi kuwatazama. Harry Greb alipigana karibu mapambano 300, mwaka 1919 peke yake zaidi ya 40, mengi ya miaka yake ya mwisho akiwa na jicho moja linaloona. Mei 1922 alimshinda Gene Tunney, na hakuna mwingine aliyewahi kumshinda Tunney. Hakuna filamu hata moja ya pambano lake iliyobaki. Wapo wanaomwacha kwa sababu hiyo. Mimi namweka juu, kwa kuwa orodha ya aliowapiga inatosha kusimama bila picha.

Hatua ya 6: Wafungulie mlango waliofungiwa

Kuhesabu mikanda peke yake ni kuwaadhibu watu mara mbili. Sam Langford alianza na wepesi na kufika uzito wa juu, akipigana na kila aliyekubali. Jack Johnson alimshinda mwaka 1906, lakini Johnson alipokuwa bingwa hakumpa nafasi, na mabingwa weupe nao walijificha nyuma ya ubaguzi wa rangi. Alimaliza bila ubingwa wa dunia, akiwa kipofu. Kwenye safu ya "hali" yake nimeandika: walimkwepa. Kukwepwa na wakubwa ni ushahidi wa aina yake.

Teófilo Stevenson wa Cuba, dhahabu tatu za Olimpiki 1972, 1976 na 1980, hakuwahi kupigana ndondi za kulipwa. Huyo ninamweka kwenye orodha ya ridhaa, tofauti kabisa. Raundi tatu na raundi 15 ni kazi mbili.

Hatua ya 7: Linganisha wawili wawili

Usitoe alama kwa mia. Nilijaribu, nikajikuta nagombana na desimali. Chukua wawili, uliza nani yuko juu ya nani, endelea kama unavyopanga watoto kwa urefu mstarini.

Kwa mfano Ali na Louis. Louis alishika ubingwa tangu 1937 hadi 1949 na kuutetea mara 25, na katikati akaenda jeshini. Alipigwa na Max Schmeling 1936, wakarudiana Juni 1938, akammaliza raundi ya kwanza. Kwa utawala, hana mfano. Ali alivuliwa ubingwa 1967 kwa kukataa kwenda vitani Vietnam, akakaa nje zaidi ya miaka mitatu katika umri ambao bondia huwa anaiva. Aliowapiga: Liston, Patterson, Frazier mara mbili, Norton mara mbili, Foreman. Ukitazama wapinzani wa Louis mmoja mmoja, hakuna safu inayofikia hiyo. Kweli, pambano la tatu na Norton na lile la Jimmy Young, yote ya 1976, wengi walimpa mwenzake. Nimeyapunguza. Bado Ali yuko mbele, kwa pua.

Mambo ya nje ya ulingo yawekwe ukurasa mwingine. Ali huyohuyo alikuja Dar es Salaam Februari 1980 akitumwa na Rais Carter kutushawishi tususie Olimpiki ya Moscow, na Mwalimu Nyerere akakataa kuonana naye. Tulikwenda Moscow, wanariadha wetu Bayi na Nyambui wakarudi na medali za fedha. Hilo halimwongezei wala kumpunguzia Ali hata raundi moja, sawa na msimamo wake wa Vietnam ninaoupenda.

Wa kwetu

Kila orodha ina upendeleo wa nyumbani, basi uweke wazi. John Mugabi wa Uganda, medali ya fedha Moscow, alimfuata Marvin Hagler Machi 1986 bila kuwahi kupoteza na kila ushindi wake ni KO. Alidumu raundi 11 za kutisha. Sumbu Kalambay, mzaliwa wa Lubumbashi, Machi 1988 alimshinda Mike McCallum aliyekuwa hajapigwa. Mwaka uliofuata Michael Nunn akamlaza raundi ya kwanza. Wote wawili ni mabondia wakubwa. Hawaingii 30 bora, na nikilazimisha, kijiwe kitajua.

Azumah Nelson wa Ghana ni habari nyingine. Julai 1982, akiwa na mapambano 13 tu, aliitwa ghafla kumkabili Salvador Sánchez New York na akadumu mpaka raundi ya 15. Miaka miwili baadaye alimsimamisha Wilfredo Gómez huko Puerto Rico kwao. Machi 1992, watu wanasema amezeeka, akaenda Melbourne na kumsimamisha Jeff Fenech raundi ya nane mbele ya watu wake. Huyu yumo kwenye 30 zangu, na sihitaji ramani kumtetea.

Mbele ya watu

Anza na swali, "Amempiga nani, na lini?" Kaa kimya umwachie mwenzako ajaze. Kubali udhaifu wa bondia wako kabla hujaulizwa. Laiti ningesema mwenyewe "alipoteza 19, na 16 ni baada ya kurudi," kicheko kile kisingepata nafasi. Mtu akisema mabondia wa zamani walikuwa dhaifu, mwombe pambano moja alilolitazama lote. Na mwenye simu mwache asome namba zake mpaka amalize.

Orodha yangu ya leo: Robinson, Greb, Armstrong, Langford, Ali, Ezzard Charles, Roberto Durán, Willie Pep, Joe Louis. Charles ndiye aliyepanda karibuni. Nilikuwa nimemweka nafasi ya 14 kama mtu aliyepigwa na Marciano, mpaka nilipojaza ukurasa wake: alimshinda Archie Moore mara tatu na Charley Burley mara mbili, halafu akapanda uzito akampiga Louis.

Ya 10 ni Manny Pacquiao, ubingwa katika madaraja manane, ila nimeiandika kwa penseli. Sheria yangu ni kutompa namba ya wino anayepigana bado, naye Julai 2025, akiwa na miaka 46, alirudi ulingoni na kutoka sare na Mario Barrios.